Kazi Namba Nne

Karoti ya tisa ilitoka nzima, kama nane zilizoitangulia.

Mzee Sekunde aliiokota mezani akaigeuzageuza. Haikuwa na hata mkwaruzo. Kila ilipopenyezwa chini ya kisu cha ile mashine ndogo, mahali ambapo kidole cha mfanyakazi kingeweza kuteleza, kisu kiligota hewani.

Lakini siku hiyo majaji watatu wa uvumbuzi, yeye mmojawapo, hawakuja kupima mashine. Walikuja kupima Kazi Namba Nne, zana ya kuwasaidia waandishi wa programu zinazoendesha mashine kama ile. Zana hiyo husoma programu mstari kwa mstari, hukadiria muda mrefu kabisa ambao kila hatua inaweza kuchukua, kisha hutoa ahadi: breki haitachelewa. Programu ya mashine ile ilikuwa imepewa ahadi hiyo. Ahadi hiyo ikiwa ya uongo, hakuna cha kuomba radhi. Kidole kimekwenda.

"Mimi nimeridhika," alisema mwenyekiti, mama aliyekulia viwandani. "Zamani tungekuwa na kitu kama hiki, baba yangu angezikwa na vidole kumi."

"Mimi pia," alisema mwalimu wa chuo, jaji wa pili.

"Mimi bado," alisema Mzee Sekunde.

Jina hilo alibandikwa kazini, kwa kuwa hakuwahi kuchelewa popote. Tangu asubuhi alikuwa amekwisha kuitambua Kazi Namba Nne. Kazi zote zililetwa bila majina. Jina la kila mvumbuzi lilikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi, isifunguliwe mpaka hukumu iandikwe. Lakini mzazi haonyeshwi mwanawe kwa kidole. Zana ile ilikuwa yake. Aliitunga kwa miaka tisa katika chumba cha stoo, magoti yakigusana na magunia, mpaka shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa akila na kulala pale nyumbani, alipoondoka na nakala yote. Kwa zana hiyo shemeji alipanda cheo mahali pengine. Miaka kumi na mmoja sasa, hawajapeana hata salamu.

Mwezi uliopita mkewe alijaribu tena.

"Kaka kapiga simu. Anaumwa, baba watoto."

"Mwizi naye anaumwa?"

"Anaumwa kama watu wengine. Anasema kuna jambo anataka alimalize kabla hajalazwa."

"Alimalize. Kwani mimi daktari?"

"Wewe si daktari, wewe ni jiwe," mkewe alisema, akamwachia chai yake ipoe.

Leo jiwe lilikuwa limekaa kitini, na mwizi alikuwa chini yake.

Zana ile ilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Ishara mbili za hatari, tuseme ya kidole na ya kifuniko kufunguliwa, zikigonga kwa wakati mmoja, ilihesabu moja na kuisahau ya pili. Mzee Sekunde aliugundua ugonjwa huo wiki ileile aliyoibiwa. Dawa yake ilikuwa mistari minne, na mistari hiyo hakuiandika popote ila kichwani. Shemeji aliiba mtoto, dawa akaiacha.

"Mwalimu, shika kifuniko cha mashine," alisema. "Mama, wewe penyeza karoti; ikiingia tu, naye afungue. Papo hapo, kwa pamoja."

"Moja, mbili, tatu!"

Kisu kilishuka. Ncha ya karoti iliruka, ikaviringika mpaka kwenye kiatu cha mwalimu. Hakuna aliyeinama kuiokota.

"Yaa salaam," mwenyekiti alinong'ona, akivitazama vidole vyake.

Mwalimu alikiachia kifuniko. "Inatibika? Maana kanuni zinaturuhusu kumrudishia mwenyewe airekebishe. Kazi nzuri hivi, inauma kuitupa. Wewe ndiye bingwa wa mambo haya, mzee."

Wote wawili wakamgeukia. Mistari minne ilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akiitamka, zana itaishi, itaingia viwandani, na shemeji atapigiwa makofi. Akinyamaza, mtoto atakufa, ila mwizi atazikwa naye. Kanuni zilikuwa wazi: kazi iliyokataliwa hairudi tena, na jina la mvumbuzi wake hupelekwa kwenye kila kiwanda, pamoja na ripoti.

"Haitibiki," alisema. "Imeoza tangu msingi."

Akaomba ripoti aiandike yeye. Aliiandika bila kufuta neno: *Zana hii imetungwa na mtu asiyejua anachofanya. Asiaminiwe karibu na mashine yoyote inayogusa mwili wa binadamu.*

Mwenyekiti aliisoma mara mbili. "Mzee, huyu umemkalia kooni. Kakukosea nini?"

"Nimkosoe nani, mama? Mimi nimekosoa kazi."

Akatia sahihi. Mwalimu akatia yake, shingo upande. Mwenyekiti akagonga muhuri mwekundu, kisha akaitoa bahasha kwenye droo na kuchukua kalamu ajaze nafasi ya jina.

"Nipe nisome mimi," alisema Mzee Sekunde. Roho yake ilikuwa kwatu. Miaka kumi na mmoja aliingoja siku ya kulitamka jina lile mbele ya watu, naye hakutaka mwingine amwonjee utamu huo. Akavaa miwani, akaichana bahasha taratibu.

"Haya, mzee, usituweke roho juu," mwenyekiti alisema, kalamu tayari juu ya ripoti. "Ni nani huyo asiyejua anachofanya?"

Mwandiko ulikuwa wa shemeji, hapo hakukosea. Lakini chini ya neno *Mvumbuzi* shemeji alikuwa ameandika jina la Mzee Sekunde.