Kivuli cha Ukuta

Ukuta wa ofisi ya wilaya ulitakiwa uwe umekauka kabla mgeni hajafika, na Matano alikuwa ndiyo kwanza anamalizia herufi za mwisho. Alipewa maneno kutoka kwenye Katiba, ayaandike kwa rangi ya buluu: lengo kuu la Serikali litakuwa ni ustawi wa wananchi. Kila mara aligeuka kuitazama barabara. Kamba aliyoifunga kuulinda ukuta ilikuwa imewatoa watu wa foleni ya kuingia ofisini kwenye kivuli pekee kilichokuwapo. Walisimama juani, na macho yao aliyasikia mgongoni.

Bi Siwema, mjane aliyekuja tangu alfajiri kuulizia shamba lake, akainama akapita chini ya kamba.

"Rangi mbichi, mama," Matano akasema. "Itakuharibia kanga."

"Kanga hufuliwa, mwanangu. Miguu ndiyo imegoma."

Akauegemea ukuta. Matano akanyoosha mkono amwondoe, mkono ukabaki hewani.

Mgambo wa getini akaja mbio. "Nani kamruhusu huyu?"

Matano akajibu, "Mimi."

Dirishani likaitwa jina la Bi Siwema. Akajivuta kuelekea mlangoni, neno ustawi limemganda mgongoni, limegeuka kinyumenyume. Ukutani ikabaki alama ya mabega yake.

King'ora cha msafara wa mgeni kikasikika kwa mbali.

"Paka upesi," mgambo akasema.

Matano akachovya brashi. Akaitazama ile alama, akaitazama foleni. Kisha akaiweka brashi chini, akaanza kuifungua kamba.