Nukta ya Hina

Hina ilitoka pamoja na kuvu.

Nilikuwa nimetia nukta ya hina kwenye kioo cha katikati ya lenzi, nijue upande wa mbele, kisha nikakisugua kwa waragi, ile pombe kali. Tulipokimbilia Sudan niliifukia kamera hapa Koboko, chini ya mafiga. Miaka sita kuvu ikatambaa ndani yake kama nywele.

Nilikigeuza kioo. Pande zote mbili zilifanana. Nikikosea, picha itatoka ukungu mtupu, na filamu imebakiza picha moja.

Dada yangu Kaltumu alikuwa ameegemezwa ukutani, amepakwa wanja, pumzi zikimkatika.

"Kaka, iko tayari? Watoto wasisahau uso yangu."

"Iko tayari," nikasema, nikafumba macho na kukirudisha kioo.