Muhuri wa Daktari Mwanasiti

Mwongozo wa chombo kipya cha kutafutia tafiti uliapa kwamba mashine za akili mnemba kamwe hazitaletewa makala iliyofutwa, yaani iliyotangazwa kuwa batili kwa sababu ya makosa. Daktari Mwanasiti, aliyepewa kazi ya kuukagua, aliinua muhuri wa kuuidhinisha, kisha akasita. Akatafuta ndani ya chombo hicho makala yake mwenyewe, aliyoifuta miaka saba iliyopita baada ya kukosea dozi ya dawa ya watoto.

Ikaja ya kwanza. Chini yake iliandikwa: "Leo imesomwa na mashine mara 412."

Akageukia meza ya jirani. "Bwana Machano, chombo hiki si bado hakijaruhusiwa?"

"Hospitali zinakitumia tangu asubuhi, Daktari," mkuu wake alijibu bila kugeuka. "Muhuri ni utaratibu tu."

Mkono wa Mwanasiti ulioshika muhuri ulibaki hewani. Kwenye kioo cha kompyuta, 412 ikawa 413.