Sega la Jirani

Tangu mizinga ya nyuki ya Waogiek, warina asali wa msituni, ianze kujifunga yenyewe kwa mitambo, ikimtambua mwenye hisa tu, biashara ya asali ya Tabutany ilinawiri kuliko ya marehemu mama yake. Mama alikuwa akimega sega la kwanza na kuwapelekea majirani. "Aliyeonja ndiye mlinzi, mwanangu," alizoea kusema.

Tabutany alijaribu mara moja. Jirani yake Chepsiror aliponyoosha mkono apokee sega, mzinga ulipiga king'ora cha wizi, naye akarudi kwake ameaibika.

Leo asubuhi msitu uliwaka. Mizinga ilijifunga, nyuki wakiwa ndani. Tabutany alipiga yowe. Milango ya majirani ilifunguka. Wakautazama moshi, wakamtazama yeye, kisha wakarudi ndani kumalizia chai.