Unga wa Hamimu

Nesi alichota unga wa uji kiganjani, akaunusa. "Karanga zilizosagwa humu zilikuwa na ukungu, mama Hamimu. Ni sumu. Usimpe mtoto tena."

Siwema akarudi nyumbani na Hamimu mgongoni, mtoto wa miezi tisa, mwepesi kama nguo iliyokauka. Alimkuta mama mkwe wake uani akisuka ukili wa mkeka, akamweleza.

"Kwa unga huo huo nimelea watoto saba," mama mkwe alisema.

"Na wangapi wako hai, mama?" Siwema aliuliza taratibu.

Vidole vya mama mkwe vilisimama juu ya ukili.

Siwema akauchukua unga wote, akaumwaga chooni. Aliporudi jikoni ndipo alipokumbuka kwamba ndani hamna chakula kingine, na mavuno bado miezi miwili. Maziwa yake yalikuwa yamekatika tangu alipougua homa. Hamimu akaanza kulia, kilio chembamba kisicho na nguvu.

Mama mkwe akaweka ukili chini, akampakata mjukuu wake, akamtia kijiko kitupu mdomoni. Mtoto akanyamaza, akakinyonya kwa bidii, wanawake wawili wakimtazama.