Nyumba ya Majivu

Shaweji alitaka ramani ya karatasi ya nyumba mpya, kama watu wote. Lakini Bi Tunu, msanifu wa majengo ambaye watu walisema kwenye nyumba zake wageni husahau kuaga, alikuja kiwanjani na ndoo ya majivu. Akachora vyumba vyote chini, kwa upana wake halisi, kisha akamwita mama yake Shaweji, aliyekuwa ameapa kwamba hahami kibandani kwake.

"Mama, hebu jifanye unaamka hapa chumbani, uende jikoni," Bi Tunu akamwambia.

Mama akacheka, akajikongoja. Njiani mkono wake ukapapasa hewani, ukitafuta pa kushika. Bi Tunu akainama. Akafuta ukuta kwa kiganja, akauchora upya chini ya mkono ule. Jikoni akaacha nafasi ya dirisha upande wa upepo. Mama akaketi hapo hapo, akanyoosha miguu, akafumba macho.

Shaweji, kwa mshangao, akakatiza moja kwa moja kumfuata.

"We Shaweji!" mama akafoka. "Unapita ukutani? Mlango huuoni?"

Shaweji akarudi nyuma, akazunguka hadi penye pengo la majivu, akavua viatu.

"Hodi wenyewe!"