Jiwe la Sita

Wabunge watano walikuwa wamelishika jimbo lile la mjini, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliweka jiwe la msingi la zahanati ileile katika kiwanja kilekile. Zahanati haikujengwa. Mbunge wa sita alipokuja kuweka lake, wapambe wake walimwita Bi Zuwena, mkunga aliyezalisha nusu ya wapiga kura wa mtaa, asimame kando yake wapigwe picha.

Bi Zuwena alikuja. Wiki mbili nyuma bintiye Salome alikuwa amemfia mikononi, damu ya uzazi ikimtoka, wakingoja gari la kumpeleka hospitali ya ng'ambo ya mji.

"Mama yangu, tubariki," mbunge alisema kwenye kipaza sauti, akimkabidhi mwiko wenye saruji mbichi.

Aliupokea. Akamgeukia mbunge.

"Ile kanga ya kampeni yenye sura yako," alisema, "ndiyo niliyomfunikia mwanangu. Ndicho kitu pekee mlichowahi kutuletea."

Akaipaka saruji juu ya jina la mbunge lililochongwa kwenye jiwe, herufi baada ya herufi, mpaka likapotea. Mpambe mmoja akamkamata kiwiko.

"Bibi, acha!"

"Niachie! Mikono hii ndiyo iliyokupokea duniani."

Kijana akamwachia, akatazama chini. Nyuma yao, mwanamke mjamzito alijipenyeza kati ya watu, akaunyoosha mkono kuuomba mwiko, macho yake yakiwa kwenye jina lililochongwa katika jiwe la tano.